Baba, Chupa Yako ya Tekila Ilifika Majlisini

Baba,

Kompyuta yako nimeizima mie. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza mwanzo, kabla hujauliza nani kalia na nani kafika. Ulipotutoka ilikuwa bado inawaka, ukurasa ule ule wa tekila, mshale umesimama pale pale ulipouacha. Nikahifadhi, nikazima, nikafunika na kitambaa cha Mama. Basi.

Sijalia, Baba. Nakwambia mapema usije ukashangaa. Watu wamelia, wengine hata siwajui, na mie nilikuwa nikigawa maji. Wanawake walinishika mabega wakinambia lia, mwanangu, usijifunge kifua, nami nikawaitikia "inshallah", kama mtu aliyeambiwa apitie dukani akirudi. Si kwamba sina uchungu. Upo, naujua upo, ila haunifikii. Nakula, nalala, naendesha gari mpaka kazini, nasalimia watu. Wananambia mashallah, Salha, una moyo mkubwa. Sijui kama nna moyo mkubwa. Nadhani sina khabari tu.

Siku ile ile, hata hujatolewa ndani, Khalfan alitaka kuwatangazia wenzake wa kazini. Akaandika kwa Kiingereza, akanitumia niangalie. Mdogo wangu yule na digrii yake! Kila neno kalipa herufi kubwa: baba, mpenzi, amani, mazishi, baada ya swala. Nikakaa kwenye ngazi nikaziteremsha moja moja. Nikaliacha jina la Mwenyezi Mungu, nikaliacha jina lako, nikaiacha Al Khoudh, mtaa wetu. Khalfan akanitazama, macho mekundu, akasema, "Wallahi dada, wewe si mzima." Nikamwambia Baba angelikataa. Na ungelikataa. Ulikuwa ukisema herufi kubwa haiongezi heshima, mwenye heshima yake anayo, herufi ni ya jina tu. Nikamrudishia, akatuma, akaenda na wanaume kukutayarisha.

Lakini sikukaa kukuandikia habari ya herufi. Nimekuja kukwambia habari ya chupa.

Unakumbuka ilivyoanza. Ulishastaafu ualimu, na zile hoteli za Qurum, hapa Maskati, zikawa zinakuletea karatasi zao za vyakula uzisafishe Kiingereza. Macho yalipoanza kufanya ukungu nikawa nakuja alasiri nikitoka kazini Al Khuwair, mie nasoma, wewe unasahihisha kwa mdomo. "Endelea. Endelea. Rudi. Hapo pana uchafu." Hivyo ndivyo ulivyonifundisha kazi, hukunipa kanuni hata moja mpaka nilipokosea kwanza. Kisha wakaleta kile kitabu kidogo cha wageni wa baa yao, kitabu kizima cha tekila. Nikakwambia, "Baba, hii pombe." Ukasema, "Naijua. Kusoma nnajua." Ukaongeza, bila kuulizwa, "Mie nasahihisha maneno, simmiminii mtu." Halafu ukasema soma.

Nikasoma. Ukurasa wa pili ukaja mmea wenyewe, agave, na picha yake, majani marefu yenye mwiba kwenye ncha. Ukanizuia kwa mkono. Ukaileta picha mpaka karibu na pua. "Huu si mkonge huu?"

Tangu hapo kazi haikuwa kazi tena, ikawa harusi. Wewe mtoto wa Tanga, uliyekulia kwenye duka la Babu kando ya shamba la mkonge, wewe na nduguyo Ami Seif mkikimbia peku na kuchomana miiba, leo unaukuta mkonge kwenye kitabu cha hoteli Maskati! Ukanituma nitafute, nikatafuta. Ukawa unanihadithia mie yale niliyokusomea mwenyewe, kana kwamba umerudi safarini. Kwamba mji wenye jina hilo upo, Meksiko, mkoa wa Jalisko, chini ya mlima wa volkano. Kwamba wenyeji walikuwa wakichachusha maji ya mkonge wao zamani, kabla Mspanyola hajatia mguu, na Mspanyola alipokuja akawaletea ujuzi wa kupika na kukusanya mvuke, vile vile wanavyotoa marashi ya mawaridi kule milimani Jabal Akhdhar. Kwamba wanakata majani yote mpaka kinabaki kiini, kama nanasi kubwa kuliko mtu anavyoweza kubeba, na ni hilo ndilo linalookwa. Na kwamba mkonge wetu wa Tanga nao asili yake ni nchi hiyo hiyo, ulikuja wakati wa Mjerumani. "Kumbe nimekulia na mtoto wa ami yake!" ukasema. Ukacheka mpaka ukakohoa, Mama akaja na maji.

Na herufi zao, Baba. Hoteli walikuwa wameipa herufi kubwa chumvi, ndimu, glasi, mpishi, machweo. "Hawa wanagawa kama halua ya harusini," ukasema. Ukanieleza taratibu, kwa raha yako: mji ni Tequila, jina, mpe kubwa, kinywaji ni kitu tu kama chai, mpe ndogo. Nikakubishia, unajua ninavyopenda kukubishia. Nikasema kinywaji ndicho kilichoupa mji umaarufu, iweje mji upewe kubwa nacho kipewe ndogo? Ukafikiri. "Mji una watu," ukasema. Sikukubishia tena.

Ile chupa waliileta wao, tupu, ili maneno ya kitabuni yaendane na ya kwenye chupa. Chupa nzuri, siwezi kukataa, mabega mapana, kioo kizito, na jina limetokeza kwenye kioo chenyewe pamoja na mchoro wa mkonge. Kwa kuwa macho yalikuwa hayakupi tena nuru, ukawa unalisoma kwa kidole. Ukaja kuipenda. Ukikaa kitini chako inakuwa mkononi, unaipapasa, unauelekea ukuta, najua ulikuwa Tanga. Siku moja ukanambia, nusu unacheka, nusu hucheki kabisa, "Usimwambie Seif."

Nikasema haya. Nani asiyemjua Ami Seif? Kaka yako mkubwa, umri wake wote forodhani uwanja wa ndege, akifungua mabegi ya watu. Wenyewe tulikuwa tukisema Ami ananusa chupa ingali na kizibo chake. Hajui mzaha katika hilo. Ungelimwambia kuwa unasafisha kitabu cha baa angelikusomea mpaka magharibi. Kwa hiyo hukumwambia, na mie sikumwambia, na kila Ijumaa alikuja kula wali kwetu na kitabu cha tekila kiko chumbani chini ya gazeti.

Sasa sikiliza kilichotokea baada yako.

Mama alipokuwa akikusanya vitu vyako ili kupatikane nafasi ya watu, akaiona chupa. Mama na Kiingereza wewe unajua. Akaona chupa nzuri ya mumewe, na jirani kaleta marashi ya jabali galoni nzima kwa ajili ya azaa, matanga yako, na hapa nyumbani marashi, samli na asali vyote hukaa kwenye chupa za watu wengine tangu nimezaliwa. Akaibandua karatasi yake, akaiosha, akaichemsha, akaifukiza udi, akatia marashi. Siku ya mwisho ya azaa, wanaume wamejaa majlisini, sebule ya wageni, khitma imekwisha, kahawa inapita, Khalfan anawarushia watu marashi kwa mrashi. Mrashi ukakauka. Akaja mlangoni, "Marashi, Mama!" Mama akampa chupa yako. Na mtoto yule, badala ya kuujaza mrashi jikoni kama watu, akaenda nayo mpaka katikati ya majlisi, akasimama mbele ya Ami Seif na kuanza kumimina.

Ami alikuwa ameshanyunyizwa, kichwa, mabega, viganja. Akainua macho. Khalfan anasema alitazama kile kioo kwa muda, kisha akanyoosha mkono akakichukua, akakifunika kwa ncha ya shali yake. "Hii naichukua mie," akasema. Watu wakadhani mzee kataka ukumbusho wa nduguye, wengine wakafuta machozi. Akatoka. Akaja mpaka mlango wa chumba cha Mama, na kwa kuwa Mama yuko eda akamuuliza kwa nyuma ya mlango, "Shemegi, hii ya nani?" Na Mama, masikini, kwa mapenzi yake yote: "Ya marehemu hiyo. Alikuwa akiipenda sana. Haimtoki mkononi, anaishika mpaka usingizi unamchukua."

Ami akaivuta shali juu ya chupa. Akaenda zake.

Tangu hapo hakuja tena kula Ijumaa. Anatuma samaki, anatuma tende, dereva anabisha hodi, yeye haingii. Khalfan akaja na habari kuwa Ami anafunga, Jumatatu anafunga, Alkhamisi anafunga, siku nyingine pia anafunga, na kakonda. Mtu akikutaja, akisema Mungu amrehemu, Ami anasema amin haraka na kuuliza habari ya mvua. Mama akasema ni huzuni. Mie nikasema ni huzuni pia, nikaendelea na mambo yangu. Nilikuwa sioni mbali siku zile.

Mpaka hoteli wakapiga simu kutaka kitabu chao na chupa yao. Nikamuuliza Mama. "Ile ya marashi? Kaichukua shemegi." Akanihadithia yote niliyokuandikia hapo juu, akiwa anachambua mchele. Nikakaa chini, pale pale jikoni.

"Mama," nikasema, "ile chupa ya pombe."

Mama akatia mkono mdomoni. "Yarabi! Nimewarushia watu pombe?"

"Uliiosha, Mama."

"Nimeiosha, nimeichemsha, nimeifukiza!" Akanitazama. Kisha, Baba, akacheka. Amevaa nguo zake nyeupe za eda, kashika ungo, anacheka mabega yanatikisika, na machozi yanamdondoka humo humo mcheleni. "Mungu anisamehe," akasema, "na marehemu naye angelicheka." Halafu akaacha ghafla, kwa sababu alifika pale nilipofika mie. Ami Seif anaamini kuwa nduguye kafa mlevi. Kaibeba siri peke yake, hakumwambia mtu, anafunga na kukuombea toba kwa dhambi usiyoifanya, na hawezi kuingia nyumba uliyokaa.

"Nenda kamwambie," akasema Mama.

"Baba alinikataza."

"Aliyekukataza yuko kwa Mola wake. Anayeumia yuko Al Khuwair."

Nikaenda, nilipotoka kazini. Sikuifurahia safari ile hata kidogo, nakwambia kweli. Kukutoa katika ulevi ilibidi nikutie katika kitabu cha baa, na hicho ndicho ulichokificha. Nilijua utakuwa unanitazama vile unavyotazama koma isiyo na kazi.

Ami alinipokea vizuri, akaagiza kahawa. Nikamuuliza chupa iko wapi. Akainamisha kichwa. Iko kwenye gari, kwenye buti, imefungwa taulo. Kuiweka ndani hawezi, malaika hawataingia. Kuitupa kwenye pipa hawezi, wataiona majirani. Kuwarudishia nyumba yako hawezi. Basi tangu azaa Ami Seif, mzee wa forodha, anazunguka Maskati nzima na chupa ya tekila ndani ya gari, na kila akiona askari wa barabarani moyo unamruka. Siku nyingine ningelicheka mpaka nikalala chini.

Nikamwambia yote. Sikuficha. Hoteli, kitabu, macho yako, mie kukusomea. Alikuwa akitazama ukuta. Nilipofika kwenye mmea akainua mkono.

"Mkonge?"

"Mkonge, Ami. Ndio uliomshika. Alikuwa anapapasa ule mkonge uliochorwa kwenye kioo."

Kahawa ikaja, ikapoa.

"Kazi ile siipendi," akasema. "Nisikufiche. Angelinambia ningelimgombeza."

"Najua, Ami."

"Lakini hakunywa."

"Hakunywa."

"Wallahi?"

"Wallahi, Ami. Hata kunusa hakunusa, ilikuja kavu."

Akashusha pumzi mpaka nikaona kifua kinaingia ndani. Nikadhani yamekwisha. Nikashika mkoba.

"Basi kwa nini hakunambia?"

Nikakaa tena.

"Salha, nakuuliza wewe uliyekuwa naye. Ndugu yangu alikuwa akiniogopa?"

Wewe ungelipata la kusema, Baba. Ungelimtania, ungelimwambia nani akuogope wewe mwizi wa maembe ya watu. Mie nilitazama vikombe. Na kule kutazama vikombe kukawa ndiyo jibu, akalichukua. Akasema taratibu, kama anajihadithia mwenyewe, kwamba umri wake wote watu wamesimama mbele yake na mabegi yao wakitetemeka, hata wasio na kitu, na yeye akijua kuwa hiyo ndiyo kazi. "Kumbe kazi hiyo nilikuwa nikirudi nayo nyumbani," akasema. Akalia. Sijawahi kumwona hivyo. Analia bila sauti, anafuta na shali, anaomba radhi, ananiomba radhi mie! Nilikwenda kulisafisha jina lako na nimelisafisha, namshukuru Mungu. Lakini mzee wa watu nilimwacha na kitu kizito kuliko alichokuwa nacho kwenye buti. Niliendesha mpaka Al Khoudh na sikumbuki barabara.

Ijumaa iliyofuata alikuja. Alibisha hodi mwenyewe, akaingia kwa mguu wa kulia, akakaa pale pake na kusema kwa sauti, Khalfan na jirani wapo, "Mungu amrehemu ndugu yangu, alikuwa mtu msafi." Akala. Mama alimsikia kutoka ndani.

Lakini bado. Bado nna jambo moja, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Juzi niko kwenye gari, nimeegesha nje ya ofisi, simu ikalia. Ami Seif. "Salha, niko kwa baba yako." Nikadhani yuko nyumbani. Akasema, "Hapana, kwa baba yako." Nikasikia upepo. Yuko makaburini. Kaja kukutaka radhi, akasema, kwa kukufanya umfiche kitu, na yake ameshayasema yote. Kisha akasema, "Na nyie wanawake huku hamji. Naiweka simu chini. Sema yako."

Ami Seif huyo! Asiyetaka hata picha ukutani. Nikataka kumwambia Ami, haya ya wapi tena, sikuwahi. Nikasikia simu inagusa mchanga. Nikasikia hatua zake zinaondoka, anakwenda mbali kidogo asinisikie. Halafu ukawa upepo tu, na wewe.

Nikafungua mdomo. Mie niliyekusomea kurasa zote zile, niliyerekebisha maneno ya watu wengine mpaka siku ya maziko yako. Hakikutoka kitu. Hata "Baba" halikutoka. Nilikaa nimeshika usukani, nasikiliza, na nadhani kama ungelikuwa unasikia ungelisikia pumzi yangu na kiyoyozi cha gari.

Hatua zikarudi. Ami akaiokota simu, akaifuta, nilisikia anavyoifuta.

"Umeshasema?"

"Nimeshasema, Ami."

"Alhamdulillah," akasema. "Amekusikia." Na sauti yake ilikuwa nyepesi, sijaisikia hivyo tangu ufe, sikuweza kumrudisha nyuma.

Nilimdanganya mzee juu ya kaburi lako. Ndiyo maana nakuandikia, ili lisiwe uongo.

Basi yangu ni haya. Sikukasirika nawe kwa kufa bila kuaga. Au nimekasirika, sijui, likinifikia nitajua. Mama anakula. Khalfan anamhudumia kuliko nilivyotegemea. Kitabu cha hoteli nimewarudishia kama kilivyo, nusu yake yako safi, nusu yake na uchafu wao, nimewaambia mwenye kazi hayupo na mie sitaimaliza. Chupa Ami kawapelekea kwa mkono wake, akaingia hotelini na taulo lake, sijui walimdhania nini. Nakuahidi kitu kimoja tu, Baba, kwa sababu vingi sitaviweza: mtu wangu, mtoto au ndugu, hatanificha jambo kwa kuniogopa. Nikianza ukali, na wewe unajua nnao, Khalfan kapewa ruhusa anikumbushe mbele za watu.

Bado sijalia. Siku nikilia nitalia kwa ajili yako, si kwa kuambiwa.

Lala, Baba. Nimekuachia radhi, niachie na wewe. Na Ami Seif akija tena huko, akikuuliza kama siku ile nilisema, mwambie nilisema.

Mwanao,
Salha